Barua ya wazi kwa mawaziri wa fedha, mipango na utumishi: kabla ya kujenga, hesabuni gharama za kuendesha

Waheshimiwa mawaziri, na ninyi makatibu wakuu mnaosaini mafungu,

Tunawaandikia kuhusu Botswana, na tunajua wengi wenu mtasema papo hapo: wale wana almasi. Ndiyo maana tunaomba mwangalie miaka iliyotangulia almasi. Nchi ile ilijitawala tarehe 30 Septemba 1966. Mgodi wa Orapa ulianza kuzalisha 1971. Sehemu kubwa ya taratibu tutakazozieleza hapa iliwekwa serikali ikiwa haina kitu, na fedha za madini zilipoanza kuingia zilikuta milango na makufuli tayari. Nchi nyingine za bara letu zilipata madini kwanza na taratibu baadaye, au hazikupata taratibu kabisa.

Hoja yetu ni moja. Serikali ya Seretse Khama, rais wa kwanza wa nchi ile, ilifanya kazi kwa sababu ilikataa kuanzisha kitu ambacho haijahesabu gharama za kukiendesha, na ikajiwekea utaratibu ambao hata waziri mwenye sauti alipata shida kuukwepa. Utaratibu huo hauhitaji almasi.

Alipokea nini? Bechuanaland, jina la Botswana kabla ya uhuru, ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1885, ikitawaliwa kutoka Mafikeng, mji ulio nje ya mipaka yake, ndani ya Afrika Kusini. Nchi nzima ilikuwa na kilomita 12 za barabara ya lami, wenyeji 22 wenye shahada na wapatao 100 tu waliomaliza sekondari. Watu walizidi kidogo nusu milioni. Ukame wa katikati ya miaka ya 1960 uliua karibu theluthi ya ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa uchumi wenyewe: nyama kutoka machinjio ya Lobatse ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya kuuza nje. Sehemu kubwa ya wananchi walikula chakula cha msaada. Takribani nusu ya matumizi ya kawaida ya serikali ililipwa kwa ruzuku ya Uingereza.

Hata makao makuu yalibidi yajengwe upya. Gaborone ilichaguliwa kwa sababu za kawaida kabisa: reli ilipita karibu, mto Notwane ungeweza kuwekewa bwawa, na ardhi ile ilikuwa ya serikali, si ya chifu yeyote, kwa hiyo hakuna kabila ambalo lingesema mji mkuu ni wake. Ujenzi ulianza 1964 na ofisi zikahamia 1965. Humo humo lilitokea kosa ambalo kila mhandisi aliye ofisini kwenu analijua. Ramani ilihesabu nyumba za watumishi, ikasahau vibarua waliokuwa wanazijenga. Vibarua wale walijijengea vibanda upande wa kusini, mahali palipokuja kuitwa Naledi, na serikali ikalazimika miaka mingi baadaye kupeleka maji, njia na viwanja katika mtaa ambao haukuwemo kwenye mpango wowote. Watu waliosahauliwa katika hesabu ya mwanzo waligharimiwa baadaye, tena kwa bei kubwa zaidi.

Lengo la kwanza la Seretse na makamu wake Quett Masire, aliyeshika fedha tangu mwanzo, lilikuwa la kihasibu: matumizi ya kawaida yalipwe na mapato ya nchi yenyewe. Hawakulitanguliza kwa sababu ya fahari peke yake. Nchi inayoziba pengo la mishahara kwa ruzuku ya mwingine hulazimika kumwonyesha huyo mwingine kila kasma, yaani kila kifungu cha matumizi, na yeye ndiye huamua kama mwalimu wa ziada anaajiriwa au la. Wakajibana. Ruzuku ile ilikoma katika mwaka wa fedha 1972/73.

Walifikaje huko? Hatua kubwa kuliko zote ilifanyika mezani, bila kuchimba kitu. Botswana ilikuwa ndani ya umoja wa forodha na Afrika Kusini kwa mkataba wa 1910, na mgao wake ulikuwa asilimia isiyobadilika, chini ya theluthi ya asilimia moja ya mfuko wote wa ushuru. Hata biashara ikikua mara tano, asilimia ni ile ile. Mkataba mpya wa 1969, ambao Botswana iliujadili pamoja na Lesotho na Swaziland (Eswatini ya leo), uliondoa asilimia hiyo na kuweka fomula inayofuata thamani ya bidhaa ambazo kila nchi inaagiza na kuzalisha kwa kutozwa ushuru, kisha ikazidishwa kwa 1.42 kama fidia kwa nchi ndogo zinazofuata viwango vya ushuru vilivyopangwa Pretoria. Kwa hiyo mitambo na saruji zilizoingia kwa ajili ya kujenga migodi ziliongeza mgao wa serikali kabla jiwe moja halijauzwa. Kasoro yake ni kwamba fedha zilifika zimechelewa takribani miaka miwili, na mtu wa bajeti asiyelijua hilo angeona mapato yakipanda wakati uchumi umeshaanza kushuka. Tunalitaja kwa sababu majadiliano ya namna hii hufanywa na watu wachache wenye takwimu sahihi, na takwimu hizo huanza kukusanywa miaka kabla ya kikao. Nchi isiyojua thamani ya bidhaa inazoagiza haiwezi kudai mgao wake.

Sasa tufike kwenye kiini.

Mara baada ya uhuru, mipango na fedha vilikuwa vitu viwili. Wenye mipango waliandika vinavyotakiwa. Wenye Hazina walikaa na vinavyowezekana. Wizara zikajifunza kwenda kwa yule atakayesema ndiyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyote viwili vilikuwa vimeunganishwa katika Wizara ya Fedha na Mipango ya Maendeleo chini ya Masire. Tangu hapo ombi la mradi lilikuwa na mlango mmoja.

Ombi lilipita hivi. Wizara inayotaka, tuseme, zahanati ishirini, iliandika andiko la mradi. Andiko lilitakiwa kueleza lengo, gharama za ujenzi na chanzo cha fedha, kisha mambo mawili ambayo kwetu mara nyingi hujazwa kwa kukisia: gharama za kila mwaka za kuendesha baada ya ujenzi, na watumishi watakaohitajika kwa kada. Wauguzi wangapi? Wako chuoni mwaka wa ngapi? Watalala wapi? Kama wauguzi hao hawako kwenye mkondo wa mafunzo, andiko linarudi, au idadi inashuka kutoka ishirini hadi ile ambayo wauguzi watatosha. Kila wizara ilikuwa na ukomo wa aina mbili kwa kipindi chote cha mpango: ukomo wa ongezeko la matumizi ya kawaida, na ukomo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa. Ukomo wa pili ndio uliouma zaidi, maana fedha unaweza kuomba kwa mfadhili, lakini fundi sanifu mwenye uzoefu wa miaka mitano huwezi kumwomba popote.

Aliyeliandaa andiko hilo ndani ya wizara hakuwa mtu wa wizara. Maofisa mipango walikaa katika wizara za elimu, afya, kilimo na kazi, lakini mwajiri wao alikuwa Wizara ya Fedha na Mipango, na kupanda kwao cheo kulitoka huko. Waziri wa kilimo alikuwa na mtaalamu anayeijua wizara yake kwa ndani, ila hakuweza kumwamuru apunguze makadirio ili mradi upite. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote, na ndicho ambacho waigaji hukiacha. Wanaunda kurugenzi ya mipango katika kila wizara, kisha wanashangaa kwa nini makadirio ya kila wizara daima ni madogo kabla ya idhini na makubwa baada yake.

Juu yake palikuwa na kamati ya uchumi ya Baraza la Mawaziri, iliyokaa chini ya rais ikiwa na mawaziri wote pamoja na makatibu wakuu wao katika chumba kimoja. Waziri aliyedai jambo lisilowezekana alidai mbele ya katibu mkuu wake na mbele ya wenzake ambao fungu lao ndilo lingekatwa. Mpango ukishapita hapo ulikwenda Bungeni, na mradi usiokuwemo katika mpango ulioidhinishwa haukutolewa hati ya fedha. Palikuwa na njia ya kuongeza mradi katikati, lakini ilibidi urudi kwenye mlango ule ule. Mipango yenyewe haikuachwa ikauke kwa miaka mitano: ule wa 1968 hadi 1973 ulifuatiwa na wa 1970 hadi 1975, kisha wa 1973 hadi 1978, kila mmoja ukianza kabla wa nyuma yake haujaisha, ili makadirio yafuate hali halisi.

Wafadhili nao walipitishwa humo humo. Mfadhili aliyekuja na mradi wake mfukoni alionyeshwa orodha iliyopo na kuombwa achague. Ambao hawakukubali walikataliwa, na kwa serikali maskini kiasi kile hilo lilihitaji ujasiri. Lakini hesabu ni rahisi. Hospitali ya msaada si ya bure. Mjengaji akiondoka, umeme, dawa, mishahara na paa linalovuja vinabaki kwako, mwaka baada ya mwaka, na jumla ya miaka michache huweza kuipita gharama ya jengo lenyewe.

Mtauliza: wanasiasa walikubali vipi? Hapa ndipo Seretse mwenyewe anapohesabika. Alikuwa mrithi wa uchifu wa Bangwato, kabila kubwa kuliko yote nchini. Uingereza ilimweka uhamishoni tangu 1950 baada ya kumwoa Ruth Williams, Mwingereza, na alirejea 1956 kama raia wa kawaida baada ya kuukana uchifu. Mtu wa namna hiyo angeweza kuwaambia machifu waachie madaraka, na wasiweze kumjibu kwamba hajui uchifu ni nini. Aliwaondolea nguvu kipande kwa kipande, kwa sheria, huku heshima yao ikiachwa mahali pake. Halmashauri za wilaya zilianzishwa kwa sheria ya 1965. Sheria ya Matimela ya 1968 ilihamisha mifugo iliyopotea, ambayo zamani ilikuwa mali ya chifu, ikawa mapato ya halmashauri. Linaonekana jambo dogo, lakini katika nchi ya wafugaji huo ulikuwa mfuko wa chifu. Sheria ya Ardhi ya Makabila ya mwaka huo huo, iliyoanza kutumika 1970, iliwapa bodi za ardhi kazi ya kugawa ardhi. Machifu walibaki na mahakama za mila, na Baraza la Machifu la wajumbe 15 likabaki na kazi ya kushauri.

Kubwa zaidi lilikuwa madini. Mwaka 1967 sheria iliweka haki za madini yaliyo chini ya ardhi ya makabila mikononi mwa serikali. Mwaka huo huo almasi ziligunduliwa Orapa, ndani ya ardhi ya Bangwato, watu wake mwenyewe Seretse. Kama haki ile ingesubiri hadi thamani ya mgodi ijulikane, kila kabila lingekuwa na wakili. Kwa kuwa ilikubaliwa wakati hakuna anayejua kilichoko chini, hakuna aliyeona amenyang'anywa. Serikali ilianza na asilimia 15 ya hisa za mgodi, ikajadili upya, na 1975 ikafikia asilimia 50. Wakati huo Hazina ilikuwa na watu wa kusoma mikataba.

Upinzani haukukosekana. Bathoen II wa Bangwaketse aliacha uchifu 1969, akagombea ubunge Kanye na kumshinda Masire mwenyewe, makamu wa rais. Matokeo yaliheshimiwa. Masire akarudi Bungeni kwa nafasi za wabunge wa kuteuliwa maalumu, akaendelea na wizara yake. Anayedhani nidhamu ya fedha haina gharama ya kura akumbuke uchaguzi huo.

Kuhusu watumishi, tunajua mjadala utakuwa mkali, kwa hiyo tutasema wazi tunavyoona. Tanganyika mwaka 1962 iliwaweka wanasiasa kuwa wakuu wa mikoa na wilaya, na ilikuwa na sababu zake za kutaka wananchi waone sura mpya. Botswana ilimwacha mkuu wa wilaya awe mtumishi wa serikali, na hata wageni wengi wakabaki katika nafasi za kitaalamu kwa miaka mingi, Uingereza ikilipia sehemu ya mishahara yao. Seretse alikataa kushusha viwango ili kujaza nafasi haraka. Kilichomsaidia ni kwamba mgeni alibaki katika nafasi ambayo mwenyeji alikuwa anasomeshwa kuja kuishika. Fedha nyingi za elimu zilielekezwa sekondari na vyuo kwa hesabu ya nafasi zilizopo. Kilichomharibia ni kwamba katika kada za ufundi na fedha utegemezi ulidumu kupita kiasi, na wenyeji vijana walisubiri hadi wakakata tamaa. Kasi yake haifai kuigwa na nchi yenye maelfu ya wahitimu wasio na kazi. Kinachofaa kuigwa ni kule kulinganisha nafasi na mafunzo, moja kwa moja, kada kwa kada.

Jeshi nalo halikuundwa hadi 1977, mashambulizi kutoka Rhodesia (Zimbabwe ya leo) yalipozidi. Kabla ya hapo palikuwa na kikosi cha polisi tu. Sera ya mapato ya 1972 ilizuia mishahara ya mijini isipae mbali na kipato cha mkulima. Mwaka wa fedha 1972/73, fedha za madini zilipoanza kuonekana, ilianzishwa mifuko miwili, mmoja wa kutuliza mapato na mwingine wa kulipia madeni ya serikali, ili ongezeko la ghafla lisiende moja kwa moja kwenye ajira mpya. Pula, fedha yake yenyewe, ilitolewa Agosti 1976, mwaka mmoja baada ya benki kuu kuundwa, kwa thamani sawa na randi ya Afrika Kusini. Hawakuwa na haraka na sarafu. Walisubiri hadi wawe na akiba ya kuilinda.

Utaratibu huu ulikwama pia. Mlango mmoja ukiwa mwembamba huzaa foleni, na vijijini watu waliona miaka inapita bila barabara wala kisima. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1974 serikali ilibidi ianzishe programu maalumu ya kuharakisha maendeleo vijijini. Iliweza kujenga shule, zahanati na visima kwa kasi kwa sababu wizara ya mipango ndiyo iliyoiratibu na matumizi ya kuendesha yalikuwa na nafasi, lakini ilikuwa ushahidi kwamba tahadhari ikizidi nayo inaumiza. Mgodi wa shaba na nikeli wa Selebi-Phikwe ulisumbuliwa na mitambo ya kuyeyushia tangu mwanzo. Hakuna andiko lililotabiri hilo. Na hesabu safi haikuwa haki. Sera ya malisho ya 1975 iligawa maeneo ya ranchi kwa namna iliyowafaa wenye mifugo mingi, na wenye mifugo mingi walijaa Bungeni. Basarwa, yaani Wasan, walioishi katika maeneo hayo walihesabiwa kama hawapo. Hili ni doa la utawala wa Seretse na hatulifichi.

Sasa ombi letu. Katika mwongozo wa bajeti unaokuja, wekeni ukurasa mmoja wa lazima katika kila andiko la mradi: gharama za miaka mitano ya kwanza baada ya kukabidhiwa, zikigawanywa kwa mishahara, dawa au vifaa, umeme na maji, mafuta, na matengenezo; na jedwali la ikama linaloonyesha kila kada itatoka chuo gani na mwaka gani. Ukurasa huo usainiwe na ofisa mipango ambaye hapandishwi cheo na wizara inayoomba. Mradi wa mfadhili uwe na ukurasa huo huo. Waziri anayeleta mradi katikati ya mwaka ataje kwa maandishi mradi gani unaahirishwa kuupisha. Ahadi za majukwaani msizizuie, hamtaweza. Zipangieni tarehe baada ya ukurasa huo kujazwa, na mwananchi aambiwe tarehe hiyo.

Mtakutana na mbinu tatu za kukwepa. Makadirio ya uendeshaji yatashushwa hadi yatoshe ndani ya ukomo: dawa yake ni kulinganisha na vituo kama hivyo vinavyofanya kazi leo, kwa hesabu za mkaguzi, si kwa makisio ya mwombaji. Mradi utavunjwa vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha kupelekwa juu: hesabuni kwa kituo, si kwa mkataba. Na itasemwa kwamba watumishi watahamishwa kutoka vituo vingine: dai orodha ya vituo hivyo kwa majina.

Tunaomba pia jibu moja la maandishi kabla bajeti haijasomwa. Katika majengo ya huduma yaliyokabidhiwa ndani ya miaka mitatu iliyopita, ni mangapi yamefunguliwa yakiwa na ikama kamili, mangapi nusu, na mangapi bado yana kufuli? Takwimu hiyo mnayo, wilaya kwa wilaya. Itangazeni.

Wenu katika utumishi wa umma,

Wahadhiri na watumishi wastaafu wa fedha na mipango